UZI: Kwa nini nyumba za mabati za Nairobi ya zamani zilisimamishwa juu ya nguzo?

#1 Kitabu_Wazi
Wadau, salamu. Wiki jana nilipanda Museum Hill, kwenye maktaba ya makumbusho, kumtafutia mpwa wangu habari za ndege korongo kwa kazi ya shule. Maktaba ile makumbusho huitumia pamoja na chama cha wapenda viumbe kilichoanzishwa 1909, kwa hiyo rafu zote ni manyoya, magamba na majani. Sasa ndani ya kitabu kimoja chakavu cha safari ikaanguka picha. Nyumba ya mabati, varanda mbele, ngazi tano, na nyumba nzima imesimama juu ya nguzo, mbwa kalala chini yake kivulini. Nyuma imeandikwa kwa penseli "Nairobi" na basi.

Nimesahau korongo. Nimekaa na ile picha saa nzima. Nguzo zinazoonekana ni kumi na tatu, na juu ya kila moja kuna kitu kama sahani iliyofunikwa.

Dai langu: ni mchwa. Hakuna sababu nyingine. Anayepinga aje na hoja, asije na matusi.

#2 Fundi_wa_Ruiru
Umepata nusu, ndugu. Hizo sahani ni kofia za bati. Lakini watu hudhani kofia inamzuia mchwa. Haimzuii. Mchwa hapendi mwanga, kwa hiyo akipanda nguzo hujijengea kijia cha udongo atembee gizani ndani yake. Akifika kwenye kofia inabidi akizungushe kijia nje, kwenye ukingo, mahali unapokiona. Mwenye nyumba akiinama kila Jumamosi anakivunja kwa fimbo. Bila kofia mchwa anapita katikati ya mti, na utajua siku kitanda kimezama sakafuni.

Kwa hiyo nguzo zinahitajika ili mtu aweze kuona. Nyumba ikilala chini, utainama wapi?

#3 Mtoto_wa_Reli
Mchwa wapo, sikatai. Lakini mmesahau mji huu ulianzia wapi. Reli ilifika hapa mwezi wa tano 1899, na wahandisi walipapenda kwa sababu ni mahali pa mwisho tambarare kabla ya kupanda kuelekea Bonde la Ufa. Tambarare yenyewe ilikuwa kinamasi, mafunjo matupu, na chini udongo mweusi. Baba yangu alifanya kazi kwenye karakana ya reli na mimi nimekulia kwenye nyumba zao. Ule udongo mvua ikinyesha unavimba, kiangazi unapasuka mpaka mkono wa mtoto unaingia. Nimepoteza gololi nyingi mle.

Weka ukuta wa mawe juu yake bila kuchimba hadi mwamba, mwaka wa pili mlango haufungi. Nyumba ya mbao na bati juu ya nguzo haina shida hiyo. Nguzo moja ikizama, unainua kwa jeki, unatia kabari, maisha yanaendelea. Mhandisi wa reli aliyelala hemani hakuwa na muda wa kuchimba msingi.

#4 Ngara_Kwetu
@Mtoto_wa_Reli hoja nzuri, ila ina shimo kubwa kuliko la gololi zako. Udongo mweusi uko upande wa stesheni na kushuka kusini na mashariki. Wakubwa walipohamia mlimani magharibi, huko udongo ni mwekundu, mgumu, unamwaga maji vizuri. Na huko nako wakajenga juu ya nguzo! Kama sababu ni udongo, mbona walipoacha udongo hawakuacha nguzo?

#5 Binti_Kibokoni
Watu wa bara mnanichekesha. Kila kitu kwenu ni udongo. Jamani, PANYA. Mwaka 1902 tauni iliingia Nairobi, na mtaa wa maduka ya Wahindi ukachomwa moto kwa amri ya wakubwa wa afya. Maduka yenyewe yalikuwa mbao na bati, yamebanana, nafaka ndani, taka nyuma. Baada ya kuona hayo, wewe Mzungu ungeweka sakafu yako pale panya anapoweza kuchimba shimo chini yake usimwone? Ungeinua ili upepo upite na paka apite.

Halafu kwetu Mombasa nyumba za mawe ya matumbawe na boriti zimekaa chini karne na karne, na hatujaliwa na mtu.

#6 Fundi_wa_Ruiru
@Binti_Kibokoni boriti zenu ni mikoko, mchwa huigusa akajuta. Usilinganishe na msonobari wa melini.

#7 Mwalimu_Mstaafu
Hamjambo vijana. Masahihisho mawili kabla uzi haujapotea.

La kwanza. Kitabu_Wazi asije akadhani amekaa kwenye chumba cha enzi ya picha yake. Makumbusho yalianza 1910, lakini si pale. Yalikuwa mjini, karibu na ilipo Nyayo House leo, yakahamahama, na jengo la Museum Hill lilifunguliwa Septemba 1930 kwa jina la Gavana Coryndon aliyefariki 1925. Kwa hiyo picha ni kongwe kuliko jengo linaloihifadhi.

La pili. @Binti_Kibokoni, nyumba za nguzo zilikuwepo kabla ya tauni. Reli ilianza kujenga pindi ilipofika. Tauni inaweza kueleza kwa nini waliendelea, haiwezi kueleza kwa nini walianza. Na ukitaka kusoma mambo ya majengo badala ya korongo, shuka maktaba ya McMillan pale Banda Street. Kuna magazeti tangu mwanzo wa karne ya ishirini.

#8 Sindano_ya_Afya
Naona mmezunguka msitu wote mkaacha mti. HEWA MBAYA. Ronald Ross alionyesha kule India mwaka 1897 kwamba mbu ndiye mbeba malaria. Miaka miwili baadaye reli iko Nairobi. Mnadhani wahandisi wote walikuwa wameshabadilisha vitabu vyao? Wengi walisoma zama ambazo iliaminika homa hutoka ardhini, mvuke wa kinamasi unaopanda usiku. Ukiamini hivyo utalala juu, mbali na ardhi, na upepo upite chini ya kitanda chako.

Na hata walipomwamini Ross waliendelea kuinua. Kule Freetown, Sierra Leone, mwaka 1904 Waingereza walijijengea mtaa wao mlimani, nyumba zimeletwa vipande vipande kwa meli na kusimamishwa juu ya nguzo, safari hii kwa jina la mbu. Sababu zimebadilika, nguzo ni zilezile. Hapo ndipo mimi huanza kushuku sababu zote.

#9 Kitabu_Wazi
Asanteni, mmenitoa kwenye usingizi. Leo nimerudi (mpwa bado anasubiri korongo). Nimeitazama picha kwa kioo cha kukuzia. Kwenye varanda kuna wanaume wawili wamekaa kivulini, na WOTE WAMEVAA KOFIA. Kofia pana, ndani ya kivuli, chini ya paa. Mwenye maelezo?

#10 Sindano_ya_Afya
Hiyo najua. Waliambiwa jua la ikweta lina miale inayopenya hata bati na kumharibu Mzungu ubongo na uti wa mgongo. Wengine walivaa kofia mbili, moja juu ya nyingine, na kitambaa kinene mgongoni. Nyumba ya mawe au ya nyasi uliruhusiwa kuvua kofia. Ya bati, hapana.

#11 Ngara_Kwetu
😂😂 Yaani unajenga nyumba, kisha unaogopa paa lako. Mimi nimekaa nyumba ya bati Julai hapa Nairobi. Kofia nilivaa, lakini kwa baridi.

#12 Singh_wa_Parklands
Sat sri akal na salamu kwa wote. Babu wa baba yangu alikuja na reli kutoka Punjab, mmoja wa Wahindi zaidi ya 30,000 walioletwa kwa mkataba. Alikuwa seremala. Nyumbani kwetu hadithi ni fupi: hakuna aliyefikiria chochote. Ramani zilikuja kutoka India zimeshachorwa, wasimamizi walikuwa wamefanya kazi India, mafundi walikuwa wa India, hata neno lenyewe la bangalo lilitoka Bengal, nchi ya mafuriko, ambako nyumba huinuliwa ili mto usilale kitandani kwako. Walijenga walichozoea.

Angalia Nairobi iko juu ya bahari kwa zaidi ya mita 1,600. Nyumba ya kupitisha upepo chini ya sakafu ni ya mahali pa joto na unyevu. Hapa mwezi wa saba upepo huo unapita kwenye mifupa. Mtu anayefikiria hali ya hewa ya hapa hajengi hivyo.

@Mwalimu_Mstaafu mkongwe, naomba pia watu wakitaja Kipande House wamtaje Gurdit Singh Nayer, aliyeijenga 1913. Watu hupita pale Kenyatta Avenue wakiona benki, wengine wanakumbuka vitambulisho vya kipande, lakini jina la fundi halitajwi.

#13 Mwalimu_Mstaafu
@Singh_wa_Parklands shukrani, umenikumbusha. Mwaka huohuo wa 1913 ilijengwa ofisi ya mkuu wa jimbo pale kona ya Uhuru Highway, ya mawe, leo ni Nairobi Gallery. Waliozaliwa, waliooana na waliokufa wote waliandikwa mle. Na umbali wa barabara za nchi ulipimwa kuanzia pale. Hivyo mnaona kufikia 1913 serikali ilikwisha anza kujiamini kwa mawe. Bati lilikuwa la watu wasio na uhakika kama watakaa.

#14 Kamba_ya_Kupimia
Mimi nakadiria gharama za ujenzi kwa kazi. Mmesema mchwa, udongo, panya, hewa, mazoea. Hakuna aliyesema pesa, na hii ni Nairobi!

Ploti ina mteremko. Ukitaka msingi wa mawe unachimba, unasawazisha, unachonga mawe, unasafirisha mchanga. Ukitaka nguzo, unakata za upande wa chini ndefu na za upande wa juu fupi. Kwisha. Makampuni ya Uingereza kama Boulton & Paul ya Norwich yalichapisha katalogi za majengo ya mbao na mabati, mteja anachagua kama anavyochagua viatu. Jengo la namna hiyo halijui litasimama wapi duniani. Nguzo ndizo zinazolipatanisha na ardhi ya mahali. Na ukihamishwa kikazi, unalegeza skrubu unaondoka na sebule yako.

#15 Fundi_wa_Ruiru
@Kamba_ya_Kupimia hapo nakuunga mkono asilimia mia, na bado ni mchwa.

#16 Mjukuu_wa_Majengo
Nimewasoma kimya tangu #1. Naomba niulize swali la kando. Huko maktaba, kuna picha ngapi za nyumba za Waafrika, za Pumwani au Pangani?

Bibi yangu alizaliwa Pangani, mojawapo ya vijiji vya kwanza vya Waafrika mjini, kabla hakijabomolewa mwishoni mwa miaka ya 1930 na watu wengi kupelekwa Shauri Moyo. Nyumba ya mama yake ilikuwa ya Kiswahili: korido katikati, vyumba kushoto na kulia, ua nyuma, jiko na choo uani. Kuta fito na udongo. Paa makuti kwanza, baadaye madebe ya mafuta ya taa yaliyopasuliwa na kunyooshwa kwa nyundo, moja juu ya jingine kama magamba ya samaki. Mvua ikinyesha hamsikilizani. Wanawake wengi walijenga wenyewe kwa pesa zao na kupangisha vyumba. Ni usanifu huo, wa miaka ileile ya picha yako, na ulihifadhi watu wengi kuliko bangalo zote za mlimani. Nani aliuchora?

Na ile nyumba haikuwa na nguzo. Ilikaa chini. Mchwa walikuwepo, udongo ulikuwepo, panya ndiyo usiseme. Landi nazo, zile nyumba za vibarua wa reli pale Muthurwa, chumba kimoja kwa familia, sakafu chini. Sasa mniambie mchwa gani huyu anayekula nyumba ya bosi akaacha ya kibarua. Ukipanda ngazi tano kwenda kuomba kazi, na mwenye nyumba amekaa varandani anakutazama kutoka juu, utajua nguzo ni za nini.

#17 Binti_Kibokoni
Hapo nimenyamaza. Na ile korido yenu ni ya kwetu pwani, ilipanda treni 😊

#18 Mjukuu_wa_Majengo
Hilo sibishi, shangazi. Na baraza pia mlituletea. Umbea mkasahau kubaki nao.

#19 Mtoto_wa_Reli
@Mjukuu_wa_Majengo nakuheshimu, lakini nikupe kidogo ya kupinga. Nyumba ya udongo ikiliwa na mchwa unabadilisha fito tatu kwa nusu siku. Nyumba iliyoletwa kwa meli ikiliwa unasubiri meli. Kwa hiyo mchwa mmoja, hasara mbili. Cheo kilikuwepo, naam, tena reli iligawa nyumba kwa madaraja ya kazi. Lakini nguzo zilianza na mbao ghali, heshima ikaja kukaa juu yake baadaye kama mbwa wa #1 alivyokuja kukaa chini.

#20 Mjukuu_wa_Majengo
Hayo ni maneno ya mtu aliyelelewa juu ya nguzo.

#21 Mtoto_wa_Reli
Nilikulia landi, bwana! Nguzo niliziona kwa jirani ya baba mkubwa.

#22 Ramani_na_Rula
Swali la kimwanafunzi (nasomea usanifu majengo, mwaka wa tatu): kwa nini nguzo zilitoweka? Miaka ya 1920 Gavana Grigg alimwita Herbert Baker, yule wa Union Buildings za Pretoria na ofisi za serikali za New Delhi. Baker akatuachia Ikulu, makao makuu ya reli, Mahakama ya Juu, Nairobi School. Mawe, nguzo za mapambo, matao, vigae, nyua za ndani. Nguzo zikahama kutoka chini ya sakafu zikaja mbele ya mlango! Na mchwa hawakuhama mjini. Kama ni mchwa, walishindwa na nini?

#23 Fundi_wa_Ruiru
Na simiti, mwanangu. Sakafu ya zege na mawe ya kuchonga, mchwa anaingia wapi? Mawe ya Nairobi ni majivu ya volkano yaliyoganda, ukiyatoa machimboni yanachongeka kwa patasi. Mafundi walipopatikana na machimbo yakafunguka, nguzo zikakosa kazi. Wewe @Ramani_na_Rula shuka kutoka kwa Baker kwanza uende machimboni.

#24 Singh_wa_Parklands
Baker naye alitoka India na Afrika Kusini na ramani kichwani. Hoja yangu imesimama, imevaa tu suti ya mawe.

#25 Ngara_Kwetu
McMillan je? Ile ya 1931 ina ngazi nyingi kuliko bangalo, na simba wawili mlangoni. Hapo mchwa hawamo wala panya. Jirani yake Msikiti wa Jamia ulikamilika 1933, mita chache tu, na kwa miaka mingi waliotoka kuswali hawakuruhusiwa kuingia kusoma, kwa kuwa maktaba ilikuwa ya Wazungu mpaka 1958. Namuunga mkono Mjukuu.

#26 Mwalimu_Mstaafu
Na ina sheria yake yenyewe ya bunge, maktaba ile. Lady McMillan aliijenga kumkumbuka mumewe, Mmarekani mmoja mnene sana. Huyo mume alitaka azikwe kileleni Ol Donyo Sabuk, jeneza likawashinda njiani, kaburi likabaki mteremkoni.

#27 Kamba_ya_Kupimia
Mnaona umuhimu wa kukadiria mzigo mapema 😂

#28 Msafiri_wa_Matatu
Samahani naingia kando, mlio karibu na historia: ni kweli Kenyatta Avenue ni pana kwa sababu mkokoteni wa maksai ulihitaji nafasi ya kugeuka?

#29 Ngara_Kwetu
Fungua uzi wako bana. Huu hatujamaliza mchwa.

#30 Mama_Vyumba_Viwili
Habari zenu. Mimi sijasoma usanifu ila naishi kwenye moja ya hizo nyumba, upande wa Ngara, mwenye nyumba ameigawa tuko familia nne. Nimesoma uzi wote jana usiku, leo asubuhi nikachukua tochi nikainama chini ya sakafu, majirani wakidhani nimepoteza pete.

Nguzo za mbele ni mawe ya kuchonga. Za nyuma ni mti mweusi mgumu sana, msumari haukuingia. Moja ni kipande cha chuma cha reli, kimesimamishwa wima. Kofia za bati zipo kwenye za mti tu, nne zimebaki, mbili zimekunjwa. Udongo ni mwekundu lakini upande wa bomba umekuwa tope. Mteremko upo, nguzo za nyuma zinanifika kiunoni, za mbele chini ya goti. Kijia cha udongo nimekiona kimoja, kimezunguka kofia kama alivyosema Fundi, kimepanda mpaka kwenye sakafu ya mpangaji wa chumba cha tatu.

Panya pia wapo.

#31 Fundi_wa_Ruiru
Mama, kivunje hicho kijia LEO. Kwa fimbo, halafu umwambie wa chumba cha tatu asogeze kabati.

#32 Kitabu_Wazi
Chuma cha reli! @Mtoto_wa_Reli unasemaje? Mama, tunaweza kuja Jumamosi na kamera? Picha ya maktaba inaonyesha mbele tu, hakuna aliyewahi kutuonyesha nyuma.

#33 Mtoto_wa_Reli
Nasema baba mkubwa alikuwa na kimoja hivyohivyo, na hakukinunua 😅 Tusiulizane zaidi.

#34 Mama_Vyumba_Viwili
Njooni ila msije saa sita, watoto wanalala. Na mje na mtu mwembamba wa kuingia chini. Kule katikati kuna kuku wangu anaatamia, nimeshindwa kumfikia.